Je, Neema na Mporomoko wa Soko Hujirudia? Mizunguko Mitatu ya Bei ya Karafuu Zanzibar, 1830–1990

Swali la iwapo neema za kiuchumi na mporomoko wa masoko hujirudia katika historia limewashughulisha wanazuoni kwa zaidi ya karne moja na nusu. Mwaka 1862 Clément Juglar, tabibu wa Kifaransa aliyegeukia takwimu za benki, alidai kwamba migogoro ya biashara huja kwa vipindi vya miaka michache. Katika miaka ya 1920 Nikolai Kondratiev wa Urusi alipendekeza mawimbi marefu zaidi, ya takribani nusu karne. Madai yote mawili yalijengwa juu ya takwimu za nchi za viwanda. Insha hii inalipima swali hilo kwa zao la karafuu la Zanzibar, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa mhimili wa uchumi wa Unguja na Pemba. Hoja yake ni kwamba kinachojirudia si tukio wala kipindi, bali ni pengo la miaka lililopo kati ya bei inayomshawishi mtu kupanda mkarafuu na siku mkarafuu huo unapoanza kuchumwa. Nani hubeba hasara ya pengo hilo ni jambo ambalo halijirudii. Huamuliwa upya na mamlaka ya kila zama.

Mzunguko wa kwanza ulianza kwa kuvunjika kwa ukiritimba. Waholanzi walikuwa wameidhibiti karafuu ya visiwa vya Maluku kwa kuing'oa mikarafuu nje ya maeneo waliyoyateua. Mwishoni mwa karne ya 18 Wafaransa walifanikiwa kuotesha miche katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na mwanzoni mwa karne ya 19 miche hiyo ikafika Unguja. Bei ya juu ya miaka ya 1830 iliwavuta wenye ardhi kukata misitu na kupanda. Inasimuliwa kwamba Seyyid Said aliwaamuru wamiliki wa mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Kwa kuwa mkarafuu huchukua takribani miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa, na miaka mingi zaidi kufikia uzazi kamili, miti iliyopandwa kwa kutazama bei ya miaka ya 1830 ilimwaga mavuno yake sokoni katika miaka ya 1840. Bei ikaporomoka na kubaki chini kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliyeubeba uzito huo kwanza alikuwa mtumwa shambani, ambaye kazi yake haikupungua thamani ya karafuu ilipopungua. Wa pili alikuwa mwenye shamba aliyekopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi na kuweka mali yake rehani.

Mzunguko wa pili ulikuja kwa njia tofauti kabisa. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa. Upungufu wa ghafla uliipandisha bei, na maafa ya kisiwa kimoja yakawa neema ya kisiwa cha pili. Upandaji ulishika kasi Pemba, ambayo tangu wakati huo ndiyo mzalishaji mkuu wa karafuu ya Zanzibar. Hata hivyo, mwaka uliofuata Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Mahitaji ya vibarua yalikuwa yakiongezeka wakati uleule njia ya kuwapata ilipokuwa ikizibwa, na biashara ya siri ya kuwaingiza watumwa Pemba ikaendelea. Mikarafuu mipya ilipokomaa, bei ilishuka tena. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, mashamba mengi yalikuwa tayari yamefungwa na madeni. Tatizo hilo la madeni lilikuwa bado hai mdororo wa dunia ulipofika katika miaka ya 1930. Ndiyo maana mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria za kudhibiti uhamishaji wa ardhi na biashara ya karafuu, na ndiyo maana wafanyabiashara wa Kihindi wakaigomea biashara hiyo mwaka 1937.

Katika mzunguko wa tatu mnunuzi ndiye aliyegeuka kuwa mpandaji. Karne ya 20 soko kubwa la karafuu ya Zanzibar lilikuwa Indonesia, ambako karafuu huchanganywa na tumbaku katika sigara za kretek. Baada ya Mapinduzi ya 1964 dola ndiyo iliyonunua karafuu yote kwa mkulima na kuiuza nje. Bei ya dunia ilipopanda katika miaka ya 1970, tofauti kubwa kati ya bei hizo mbili iliingia katika hazina. Majengo ya ghorofa ya Michenzani na televisheni ya rangi, iliyotangulia ile ya Tanzania Bara kwa takribani miongo miwili, ni alama za wakati huo. Lakini bei hiyohiyo iliishawishi Indonesia kupanda mikarafuu kwa wingi katika ardhi yake, na kufikia miaka ya 1980 nchi hiyo ilikaribia kujitosheleza. Visiwa vilivyotajirika kwa kuvunjika kwa ukiritimba wa Maluku vikapoteza soko kwa nchi ambayo Maluku ni sehemu yake. Nyumbani, mkulima aliyelipwa sehemu ndogo ya bei ya dunia hakuwa na sababu ya kupanda miti mipya wakati wa neema. Wengine walivusha karafuu kwa magendo hadi Mombasa. Mporomoko ulipofika ulikuta mikarafuu mizee na hazina isiyo na zao jingine la kuegemea. Kulegezwa kwa masharti ya biashara katikati ya miaka ya 1980, kilimo cha mwani na utalii vilikuwa, kwa sehemu, majibu ya hali hiyo.

Msomaji anaweza kupinga kwamba matukio haya matatu hayafanani: la kwanza lilitokana na upandaji wa kupita kiasi, la pili na tufani, la tatu na sera ya taifa la mbali. Pingamizi hilo ni sahihi kuhusu chanzo, na linatosha kuikataa dhana ya kipindi maalumu, kwani vipindi vya karafuu havilingani hata kidogo. Lakini halitoshi kuukataa mfanano wa muundo. Katika kila mzunguko, bei ya leo ilitumika kama ahadi ya bei ya miaka minane ijayo, na kila aliyepanda hakujua wangapi wengine walikuwa wakipanda. Muundo huu ndio ambao wanauchumi wa miaka ya 1930 waliufananisha na utando wa buibui, kwa sababu mchoro wa bei na mavuno huzunguka bila kutulia.

Tofauti hii kati ya muundo na chanzo ina uzito katika uandishi wa historia ya uchumi. Mwanahistoria anaposema kwamba mporomoko hujirudia kama masika na vuli, huugeuza kuwa majaaliwa, na majaaliwa hayahojiwi. Ushahidi wa karafuu unaonyesha kwamba kuchelewa kwa mti ni maumbile, ilhali rehani, utumwa na bei aliyopangiwa mkulima ni maamuzi ya watu wanaojulikana kwa nafasi zao. Mwaka 1845 mwenye mamlaka angeweza kuuliza miti mingapi imeshapandwa. Mwaka 1975 hazina ingeweza kuweka akiba na kumlipa mkulima vizuri zaidi ili apande upya. Kwa hiyo, kuanguka kwa bei kulitarajiwa kutokana na umri wa mti wenyewe, lakini umaskini uliofuata haukuwa sehemu ya mti huo.