Mafuta ya Risasi: Suala Dogo Lililotikisa India 1857

Katika Kiswahili chetu neno risasi lina maana mbili. Ni yale madini mazito, laini, ambayo wavuvi wetu huyayeyusha kutengeneza chubwi, na ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na maana hizo mbili zilikutana kwa sababu kwa karne nyingi risasi ya bunduki ilikuwa ni madini hayo tu, yameyeyushwa motoni na kumiminwa kwenye kalibu.

Risasi ya kumimina ina tabia yake. Kwa kuwa ni laini, ikisukumwa kwa nguvu ndani ya chuma hujikwangua na kuacha utando. Baruti nyeusi nayo huacha masizi magumu. Bunduki ya kushindiliwa kwa mdomoni, gobori kwa jina letu, ikipigwa mara kadhaa mfululizo inakuwa taabu kuijaza. Dawa yake ni mafuta: hulainisha masizi na kuifanya risasi iteleze.

Si kila mafuta yanafaa. Mafuta ya nazi kwa joto la Mombasa ni maji matupu, yataingia kwenye baruti na kuiharibu. Mafuta yenye chumvi hutia kutu. Grisi ya gari ikikutana na baruti nyeusi huacha uchafu kama lami. Nta ya nyuki haiyeyuki ovyo, lakini peke yake ni ngumu mno. Ndiyo maana mafundi wa zamani walichanganya viwili: nta ya kushika, na shahamu ya mnyama ya kutelezesha. Na hapo kwenye shahamu ndipo palipotoka balaa.

Mwaka 1853 Waingereza walitoa bunduki mpya, Enfield. Ndani ya mtutu wake mlikuwa na mifereji mitatu iliyojipinda ili risasi izunguke na kwenda mbali kwa shabaha. Risasi yake ilikuwa nyembamba kidogo kuliko mtutu, na kitako chake kimetobolewa ili moto wa baruti ukitanue na kukibana kwenye mifereji. Risasi na baruti vilifungwa pamoja kwenye bomba la karatasi, kiasi kwa lugha ya wazee, na upande wa risasi ulipakwa mafuta. Askari alifunzwa kuing'ata ncha ya karatasi kwa meno, kumimina baruti, kisha kuishindilia risasi pamoja na karatasi yake kwa mdeki.

Zingatia hapo: kwa meno. Jeshi la Bengal la Kampuni ya India Mashariki lilikuwa na askari wengi wa Kihindu wa matabaka ya juu, na Waislamu pia. Shahamu ya ng'ombe ingemtoa Mhindu katika tabaka lake, ndugu zake wasile naye tena. Ya nguruwe, Muislamu hahitaji kuelezwa.

Mwezi Januari 1857, huko Dum Dum karibu na Calcutta, kibarua mmoja wa tabaka la chini alimwomba maji askari wa Kibrahmani. Akanyimwa, asije akakinajisi chombo. Yule kibarua akamjibu kwamba tabaka analoringia litamtoka karibuni, atakapozing'ata zile karatasi zenye mafuta ya ng'ombe. Habari ikaenea kambi hadi kambi.

Je, ilikuwa kweli? Kinachojulikana ni kwamba mchanganyiko ulikuwa wa shahamu na nta, na kwenye ghala la silaha hakuna aliyechukua tahadhari ya maana kuhakikisha shahamu ile ni ya mnyama gani. Si kwamba hawakuonywa. Mwaka 1853 Kanali Tucker, afisa mkubwa wa jeshi hilo, alikuwa ameandika kutahadharisha juu ya jambo hilo hilo. Kwangu mimi, hapo ndipo penye kosa. Mama wa Kisauni anayegeuza pakiti ya biskuti dukani kutafuta kama ina jelatini amefanya kazi ambayo ofisi nzima ya serikali haikuifanya.

Marekebisho yalikuja upesi, hilo tuwape. Kabla ya Januari kwisha, iliamriwa askari wajinunulie vitu vyao sokoni, nta na mafuta wanayoyaridhia, wapake wenyewe. Baadaye wakaambiwa wachane karatasi kwa vidole badala ya meno. Lakini sasa askari waliitazama karatasi yenyewe, wakaona inang'aa, wakasema mafuta yamo humo. Imani ilikuwa imeshatoka. Tarehe 29 Machi, askari Mangal Pandey aliwashambulia maafisa wake Barrackpore, akanyongwa tarehe 8 Aprili.

Huko Meerut, tarehe 24 Aprili, kamanda mmoja aliwapanga askari 90 wa farasi awaonyeshe njia mpya ya vidole. Waliokataa ni 85, Waislamu na Wahindu bega kwa bega. Na ajabu ni kwamba viasi walivyopewa siku hiyo vilikuwa vya aina ya zamani, visivyo na mafuta yale. Walihukumiwa, wengi wao kifungo cha miaka kumi na kazi ngumu, na tarehe 9 Mei wakatiwa pingu za miguu mbele ya wenzao wote. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Kesho yake jioni wenzao waliasi, wakavunja jela, wakawatoa. Asubuhi iliyofuata walikuwa Delhi, kwa Bahadur Shah Zafar, mfalme wa mwisho wa Mughal.

Wapo wanaosema vita vile vyote vilikuwa vya mafuta. Sivyo. Ufalme wa Awadh, kwao wengi wa askari hao, ulikuwa umenyakuliwa mwaka 1856, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuwalazimu askari wapya wakubali kupelekwa ng'ambo. Kuni zilikuwa zimeshakauka.

Kampuni iliondolewa kutawala India mwaka 1858. Bahadur Shah alihamishiwa Rangoon, akafia huko mwaka 1862. Na wanaopiga bunduki za baruti nyeusi kwa mchezo leo, Marekani na Ulaya, wengi wao hupaka risasi zao nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mimea.