Kizuiaji Kichaguzi

Mwaka 1952 ilizuka homa katika Uwanda wa Makonde, Newala na Masasi, iliyowakunja wagonjwa kwa maumivu ya viungo. Homa yenyewe iliisha baada ya siku chache, lakini vifundo vya mikono na miguu viliweza kuuma kwa miezi. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliandika kuhusu ugonjwa huo mwaka 1955, na dunia nzima ikaupokea kwa jina la Kimakonde lenye maana ya kujikunja: chikungunya. Lugha iliyoipa tiba neno linalotumika mpaka Brazili inatupa moyo wa kutafuta majina ya Kiswahili ya dawa za maumivu.

Tutazame kiungo kilichovimba. Utando wa seli umejengwa kwa fosfolipidi, na kila moja kwa kawaida hubeba asidi mbili za mafuta. Kimeng'enya kiitwacho fosfolipesi A2 huikata ile iliyo katika nafasi ya pili. Ndipo ilipotoka hiyo 2. Mara nyingi inayotoka ni asidi ya arakidoni, yenye kaboni 20, ambayo mwili huigeuza kuwa prostaglandini, nazo huchochea uvimbe na maumivu. Aspirini na ibuprofeni huzuia hatua ya baadaye, asidi ikiwa imeshatoka. Dawa tunayoitafutia jina huzuia mkato wenyewe.

Lakini fosfolipesi A2 ziko nyingi. Zipo za ndani ya seli, zipo zinazotolewa nje, na nyingine zimo katika sumu ya nyoka. Baadhi hushiriki kuutengeneza utando, kwa hiyo kuzizuia zote ni kuuumiza mwili. Dawa nzuri hugusa aina moja na kuziacha nyingine.

Neno linalokuja haraka ni "kizuiaji teule". Silikubali. Mteule huchaguliwa, ilhali hapa dawa ndiyo inayochagua. Tunasema mtoto mchaguzi, yule anayebagua chakula. Basi na tuseme kizuiaji kichaguzi cha fosfolipesi A2, kwa wingi vizuiaji vichaguzi.

Mfano ni varespladib. Jaribio lake kubwa kwa wagonjwa wa moyo lilisimamishwa mwaka 2012. Sasa inachunguzwa kama tiba ya sumu ya nyoka, jambo lenye uzito kwa wakulima wa korosho wa Masasi.

Kwa chikungunya bado hakuna dawa mahususi. Ukipata homa na maumivu ya viungo, tumia parasetamoli, na usimeze aspirini wala ibuprofeni kabla ya kipimo kuonyesha kuwa huna dengi, kwa sababu kwa mgonjwa wa dengi zinaweza kuzidisha kutoka damu.