Kisi!

Asubuhi moja ya kusi, katika ghuba ya Msasani, mwalimu wetu alipaza sauti: “Geuza!” Kijana aliyeshika kana la usukani akageuza, lakini siko alikotaka mwalimu. Upepo ukahamia nyuma yetu, ukaliingia tanga upande wa pili, na mti wa alumini ulioshika ukingo wa chini wa tanga ukavuka mashua kwa mkupuo mmoja na kunigonga juu ya sikio. Mwalimu alitaka omo, yaani mbele ya mashua, ipite kwenye upepo; kijana alipitisha tezi, yaani nyuma yake. “Geuza” haikumwambia lipi. Kinachonichoma ni kwamba Kiswahili kina maneno ya kutenganisha mambo hayo mawili.

Kupanda upepo kwa kwenda mshazari, mara huku mara kule, ni kubisha. Kulihamisha tanga kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ni kukisi. Katika jahazi, foromali, mti unaobeba tanga, huning’inia mbele ya mlingoti, na kuivusha ni kazi ya watu wengi. Nahodha hukifanya chombo kiupe upepo kisogo, demani, kamba inayolishika tanga, inalegezwa, mabaharia wanaisimamisha foromali wima, wanaizungusha mbele ya mlingoti, kisha demani inafungwa upande wa pili. Kukisi huko kunafanywa tezi ikielekea upepo. Kwa hiyo katika mashua za kisasa ningependa amri ya kupitisha omo iwe “Bisha!” na ya kupitisha tezi iwe “Kisi!”. Ni fupi zote mbili, na hata upepo ukivuma hazifanani masikioni.

Kuupa jina mti ule ulionigonga kuna tabu zaidi, maana jahazi halina mti chini ya tanga; demani hufungwa kwenye pembe ya tanga moja kwa moja. Wengine huuita “bumu”, kwa kufuata Kiingereza. Siafiki. Bumu ni chombo, tena kikubwa, kilichochongoka omo na tezi. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri katika bumu la Kuwait msimu wa 1938 hadi 1939, likashuka pwani yetu mpaka Rufiji kupakia boriti. Na kwa sababu hiyohiyo “boriti” nayo haifai: huku pwani boriti ni shehena, na ni miti ya dari ya nyumba. Mimi nasema mti wa demani. Demani ndiyo inayoushika, na neno la Kiholanzi walilolichukua Waingereza lilikuwa na maana ya mti tu.

Tazama sasa mti huo ukifanya kazi katika Laser, mashua ya mtu mmoja iliyochorwa na Bruce Kirby na kuingia Olimpiki mwaka 1996. Ina urefu wa mita 4.2 na tanga la mita za mraba 7. Hapa hakuna wa kuzungusha chochote. Mti huvuka wenyewe, na kazi yako ni kuutuliza. Wanaoanza hungoja mwendo upungue ndipo wakisi, wakidhani polepole ndiyo salama. Sivyo. Upepo ukiwa kilomita 25 kwa saa nawe unakimbia nao kwa kilomita 10, tanga linapigwa na kilomita 15 tu. Mashua ikizubaa nyuma ya wimbi, karibu upepo wote unalirudia tanga. Kisi ukiwa unateremka wimbi.

Kisha kuna ile kamba. Demani iliyolegea hujikunja nyuma na kunasa kwenye kona ya tezi wakati uleule mti unavuka, na mashua hupinduka kabla hujajua kimekushika nini. Mti unapoanza kuwa mwepesi mkononi, ivute demani mara moja kwa nguvu, urefu wa mkono hivi, isipate nafasi ya kulegea. Inama. Mti ukishapita juu ya kichwa, rudisha kana kidogo ili omo isiendelee kuzunguka, huku ukihamia ubavu wa pili. Katika mashua kubwa huvuti mara moja: unauleta mti katikati kidogo kidogo, tezi inavuka, halafu unaiachia demani haraka.

Yule kijana siku hizi tukiwa pamoja husema kwanza, “Tayari kukisi?” Mimi hujibu nikiwa nimeshainama.