Habari za siku darasani: wanafunzi wanazizungumzia namna gani?

Mwanafunzi wa sekondari katika mashariki ya Kongo anafika shuleni asubuhi akiwa amekwisha kusikia habari nyingi: ku radio ya nyumbani, ku simu ya dada yake, kwa mama mwenye kuuza ndizi, kwa kijana wa pikipiki. Zingine ni za kweli, zingine ni nusu, zingine ni uongo mtupu. Kuzungumzia habari za siku darasani ni kuleta habari hizo mbele ya wote, kuulizana zimetoka wapi, na kutenganisha jambo lenye kujulikana na jambo lenye kusemwa tu. Si mkutano wa siasa. Tena si kipindi cha kupoteza saa.

Ilianza wapi

Mmoja wa walimu waliofanya kazi hiyo ijulikane ni Célestin Freinet, mwalimu wa shule ya msingi huko Ufaransa. Alirudi kutoka Vita ya Kwanza ya Dunia akiwa ameumia mapafu. Mwaka wa 1924, katika kijiji cha Bar-sur-Loup, aliingiza mashine ndogo ya kuchapa ndani ya darasa. Watoto waliandika mambo waliyoyaona nyumbani na kijijini, wakayasoma mbele ya wenzao, wakayasahihisha pamoja, kisha wakayachapa na kuyatuma kwa shule zingine. Kwa njia hiyo walijifunza kwamba maneno yenye kuandikwa yanasomwa na mtu mwingine, na kwamba mtu huyo anaweza kuuliza: umejuaje?

Huku kwetu, desturi ya kusikiliza pamoja na kujadiliana imepitia sana ku radio. Radio Maendeleo ya Bukavu, yenye kuanza mwaka wa 1993, ilijulikana kwa vikundi vyake vya wasikilizaji. Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, na inasema kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa. Watoto wengi wamezoea kusikia wakubwa wakibishana juu ya habari za saa kumi na mbili. Darasani wanapata fasi ya kubishana kwa utaratibu.

Sheria inasema nini

Wazazi wengine wanaogopa: je, mwalimu ana haki ya kufungua mazungumzo ya namna hiyo? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inajibu katika vifungu vitatu. Kifungu cha 23 kinampa kila mtu uhuru wa kutoa mawazo yake. Kifungu cha 24 kinampa haki ya kupata habari. Kifungu cha 45 kinasema kwamba viongozi wa serikali wanapashwa kuhakikisha katiba, haki za binadamu na sheria za vita vinafundishwa.

Kongo ilikubali pia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka wa 1990. Kifungu chake cha 12 kinasema mtoto mwenye kuweza kuwa na mawazo yake ana haki ya kuyasema katika mambo yenye kumuhusu, na mawazo hayo yapewe uzito kulingana na miaka yake.

Lakini uhuru huo una mipaka: sheria, utaratibu wa watu wote na heshima ya wengine. Kutukana kabila la mwenzako darasani si kutoa mawazo.

Kwa nini iko lazima huku mashariki

Katika eneo letu tumeona radio inaweza kufanya nini. RTLM ilianza kutangaza nchini Rwanda mwezi wa Julai 1993, na mwaka wa 1994 ilitumiwa kuchochea mauaji ya kimbari. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa ya Arusha ilihukumu Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, wenye kuanzisha radio hiyo, pamoja na mwandishi wa gazeti, Hassan Ngeze. Mwaka wa 2007 rufaa iliondoa sehemu ya makosa na kupunguza adhabu, lakini watatu wote walibaki na hatia. Wasikilizaji wengi walikuwa vijana.

Mfano wa pili ni Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ukafika Ituri, na ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Kulikuwa wagonjwa 3.470, na watu 2.287 walikufa. Katikati ya ugonjwa, tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi (CENI) ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na wengine tarehe 30 Desemba. Ilitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Kesho yake watu wenye hasira waliingia barabarani huko Beni, na kituo cha kupokea wagonjwa wa Ebola kikashambuliwa. Wengi walisema: Ebola imebuniwa kusudi watunyime kura.

Darasa linaweza kuichambua habari hiyo polepole. Je, ni kweli wakaaji wa Beni na Butembo hawakumpigia rais kura? Ndiyo. Je, walikuwa na sababu ya kukasirika? Wanafunzi wajadili. Je, kutokana na hayo, ugonjwa haukuwapo? Hapana. Jambo moja la kweli limebeba mgongoni jambo lingine lisilo la kweli. Mtu aliyekubali yote mawili alikataa chanjo, au alimficha mgonjwa nyumbani, na familia ikalipa.

Mfano wa tatu ni Nyiragongo. Volkano ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihame, na watu wakaenda Sake, Minova, Rutshuru na ng'ambo ya mpaka. Siku hizo, ujumbe wa jana ku simu uliweza kumpoteza mtu leo. Hapo wanafunzi wanajifunza kuuliza tarehe na saa. Habari yenye kuwa kweli Jumamosi inaweza kuwa ya hatari siku ya Alhamisi.

Lugha pia inaleta vurugu

Mtoto anasikia habari kwa Kiswahili nyumbani, kisha anasoma kwa Kifaransa shuleni. Katikati, maana inaweza kupotea. Mwaka wa 2025 wengi walichanganya Washington na Doha. Mapatano ya Washington ya tarehe 27 Juni yalitiwa sahihi na Kongo na Rwanda. Maandishi ya Doha ya tarehe 19 Julai yalikuwa tangazo la kanuni kati ya serikali ya Kinshasa na AFC/M23. Mapatano, tangazo, mazungumzo, kusimamisha vita: kila neno lina uzito wake. Mwalimu mwenye kuandika maneno hayo ku tablo kwa lugha zote mbili, na kuuliza "nani alitia sahihi, aliahidi nini?", amefundisha Kifaransa, historia na uraia katika saa moja.

Namna inafanyika

Dakika 30 mara moja kwa juma zinatosha. Hakuna lazima ya kompyuta. Chaki na tablo vinatosha.

Kwanza, wanafunzi wanataja habari walizosikia, na darasa linachagua moja. Kisha wanaijibia maswali matano: Nani amesema? Alikuwa pale, au naye alisikia? Ni lini na ni wapi? Kuna mtu mwingine asiyemtegemea yule wa kwanza mwenye kusema vilevile? Nani anapata faida tukiamini?

Majibu yanawekwa katika safu tatu: tunajua, tumesikia, hatujui bado. Tuseme mwanafunzi analeta habari kwamba barabara ya sokoni imefungwa. Wanafunzi kumi wameipata ku WhatsApp, lakini wote wameipata kwa kikundi kimoja. Hao si mashahidi kumi, ni mmoja. Habari inabaki katika safu ya pili mpaka mtu mwenye kupita barabarani aseme. Jambo hili si dogo: mama akikosa kwenda soko sababu ya uvumi, jioni hakuna chakula, na kesho bei ya unga inapanda.

Mwishoni, kila mwanafunzi anaandika mistari mitano. Juma lenye kufuata darasa linarudia habari ileile kuona kama kuna kitu kimetoka safu moja kwenda nyingine. Walimu wengi wanaona hiyo ndiyo sehemu wanafunzi wanapenda zaidi, sababu wanajiona wamesogea.

Mipaka ya usalama

Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa mwaka wa 2025, wanafunzi wa jimbo moja wanaweza kuishi chini ya wakubwa tofauti. Neno lenye kusemwa darasani linaweza kufuata mtoto mpaka nyumbani. Kwa hiyo mwalimu mwenye busara haulizi mtoto askari wako wapi, wala nani wa familia yake yuko porini. Hapigishi kura juu ya upande gani una haki. Anakataza kurekodi sauti na kupiga picha. Habari ikiwa moto sana, anachukua ya zamani, kama Ebola, au ya mbali, na kufundisha maswali yaleyale.

Kuna pia watoto wenye kupoteza mzazi au kukimbia nyumba yao. Hao wasilazimishwe kusema. Mtoto akitaka kutoka nje wakati wa mazungumzo, aruhusiwe bila kuulizwa mbele ya wenzake.

Prefe na wazazi wajulishwe mbele. Mzazi akiuliza "munafundisha watoto wetu siasa?", jibu liko ku tablo: maswali matano na safu tatu. Anaweza pia kuyatumia jioni, wakati ujumbe mpya unafika ku simu na mtoto anauliza kama familia ifunge mizigo au ilale.