Habari za Afya Zilivyowafikia Wavuvi wa Ziwa Victoria

Kharumwa haioni ziwa. Hata hivyo dagaa hawakosekani katika magulio yetu, na vijana wetu, mvua zinapokataa kunyesha, wengine hushika njia ya machimbo na wengine njia ya makambi ya uvuvi ya Kome na Maisome. Warudipo huja na fedha, na mara nyingine huja na maradhi. Ndiyo sababu historia ya usharika wa nchi kavu haina budi kueleza jinsi habari za afya zilivyowafikia watu wa majini.

Tuchukue kichocho. Kile cha huku bara, kinachopatikana katika malambo na majaruba ya mpunga, humfanya mgonjwa akojoe damu. Kile cha ziwani hukaa kwenye mishipa ya utumbo, huharibu ini, na baada ya miaka mingi mtu huvimba tumbo na huweza kutapika damu. Mayai hutoka kwa mkojo katika kile cha kwanza, na kwa choo kikubwa katika kile cha pili. Kisha vyote viwili hupitia kwa konokono wa majini, jambo lililothibitishwa na mtaalamu Mwingereza Robert Leiper huko Misri mwaka 1915. Basi kijana aliyefundishwa nyumbani kwamba dalili ya kichocho ni damu katika mkojo, akienda kisiwani asiione, hujihesabu kuwa mzima. Elimu aliyo nayo ni ya kweli, lakini si ya mahali alipo.

Watu wa ziwa walianza kuambiwa habari za ugonjwa kwa njia ya amri. Malale yalipozuka upande wa Uganda kuanzia mwaka 1900, watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000 walikufa katika miaka michache. Mwaka 1906 Profesa Robert Koch alifika Mwanza, kisha akavuka kwenda visiwa vya Sese, ambako dawa ya atoxyl ilipoongezwa kipimo iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Gavana Hesketh Bell aliwahamisha watu kutoka mwambaoni, na kufikia mwaka 1909 visiwa vya Sese vilikuwa vimeondolewa wakazi wake. Mbung'o waliepukwa kweli, wala sipuuzi jambo hilo. Lakini mvuvi aliyeondolewa penye mtumbwi wake hakupewa nafasi ya kuuliza swali hata moja.

Katika nchi yetu nafasi hiyo ilipatikana mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Sisi tuliokuwa watoto wakati ule twaikumbuka zaidi kwa vyoo vilivyochimbwa, lakini uzuri wake ulikuwa katika mpango. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kwanza. Kisha, kwa majuma 12, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, na mwisho wakaamua jambo la kutenda kabla ya kukutana tena. Kichocho kilikuwa miongoni mwa masomo, pamoja na malaria, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Redio ilisema, lakini aliyejibu maswali alikuwa jirani.

Hata hivyo mpango wa namna hiyo unamfaa mkulima kuliko mvuvi. Mkulima yupo nyumbani kila juma. Mvuvi wa dagaa huongozwa na mwezi: usiku wa giza huwasha taa majini, na mchana hulala, mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, naye hupumzika nchi kavu. Baadaye huhama kambi kabisa. Mtu wa afya anayepanga ratiba kwa tarehe za ofisini atawakuta wanawake waanikao dagaa na watoto, nao pia wana haki ya kufundishwa, lakini wenye mitumbwi atawakuta usingizini. Isitoshe, si rahisi kumwambia mvuvi aache maji. Lililo katika uwezo wake ni choo cha kambi, ambacho mchanga na mwamba hufanya kiwe kigumu kuchimbwa, na dawa ya prazikwanteli, ambayo haimzuii kuambukizwa tena arudipo majini.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Huko watu waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo kutoka Uganda, na wengi walisema ni uchawi wa watu waliodhulumiwa katika biashara. Tusiwacheke, walikuwa wakitafuta maana kabla mtu yeyote hajawapa. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti wa Mwanza walifanya kazi katika jamii 12, zikiwemo za mwambao na visiwa. Katika jamii sita, watumishi wa zahanati walifunzwa kutibu vema magonjwa ya zinaa, dawa zikapelekwa, na vijiji vikatembelewa kuelimishwa. Maambukizi mapya ya virusi yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko katika jamii nyingine. Habari ilikuwa imefika pamoja na tiba, katika zahanati iliyo karibu.

Jambo la mwisho latuhusu sisi wenye mimbari. Tohara ya wanaume hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi kwa takriban asilimia 60, lakini Wakristo wengi wa kanda yetu waliihesabu kuwa desturi ya dini nyingine, na makanisani hatukuisema. Mwaka 2014 na 2015 utafiti ulifanyika katika vijiji 16 vya kanda hii ya ziwa, ambavyo vyote vilipelekewa huduma ya tohara. Katika vijiji vinane viongozi wa makanisa walipewa kwanza mafunzo juu ya tohara, upande wa tiba na upande wa Maandiko. Katika vinane vingine hawakupewa. Palipofunzwa viongozi, asilimia 52.8 ya wanaume walitahiriwa. Kwingine asilimia 29.5. Waganga na vifaa vilikuwa vilevile pande zote mbili.