Neema na Hiari: Swali la Watawa wa Hadrumetum



Yapata mwaka wa 426, mtawa mmoja jina lake Florus aliondoka Hadrumetum, mji wa pwani ya Afrika ya Kaskazini ambao leo huitwa Sousse, katika nchi ya Tunisia, akaenda kuzuru Uzalis. Huko alikuta waraka ambao Augustino, Askofu wa Hippo, alikuwa amempelekea kasisi Sixtus wa Roma. Akaunakili, na nakala ile ikafika kwa ndugu zake nyumbani. Ndipo fitina ilipoanza.

Waraka huo ulizaliwa katika vita vya maneno vilivyotangulia. Pelagius, mtu wa Uingereza aliyefundisha Roma, alisema kwamba Mungu hamwamuru mtu jambo lisilowezekana. Kwa hiyo mtu akitaka kweli, aweza kuishi pasipo dhambi. Wengi humtaja kana kwamba alikuwa mwenye kiburi tu, nami naona huko ni kumdhulumu. Aliwaona Wakristo waliojifunika udhaifu wa mwanadamu kama joho, akachukizwa. Wagothi walipouteka mji wa Roma mwaka wa 410, alipitia Afrika, akafikia Palestina. Mwaka wa 415 maaskofu waliokutana Diospolis hawakumwona na hatia. Lakini mwaka wa 418 Kaisari Honorius aliamuru afukuzwe, baraza la Carthage likayalaani mafundisho yake, na Papa Zosimus, ambaye hapo kwanza alimwelekea kwa upole, naye akamhukumu.

Augustino ndiye aliyekuwa mshindani wake mkuu. Alifundisha kwamba tangu anguko la Adamu, nia ya mtu i mgonjwa, haiwezi kujiponya. Hata kule kutaka mema ni kipawa cha Mungu, na thawabu ya mwisho ni Mungu kuvivika taji vipawa vyake mwenyewe.

Sasa tufikiri jinsi maneno haya yalivyosikika masikioni mwa watawa. Hao ni watu waliokwisha acha mali na ndoa, wenye kufunga, wenye kuamka usiku kusali. Ikiwa yote ni neema, kazi yote hii ni ya nini? Wengine waliona kwamba hiari imefutwa kabisa. Wengine wakasema la, hiari ipo, ila husaidiwa. Mkuu wao, Valentinus, alishindwa kuwapatanisha. Basi vijana wawili, Cresconius na Felix, wakaenda Hippo kumwuliza mwenye waraka mwenyewe.

Augustino hakuwakemea. Aliwakaribisha, akawasomea, akawaandikia kitabu juu ya neema na hiari. Hoja yake ni nyepesi kushika: kama mtu hana hiari, amri za Mungu zimetolewa kwa nani? Na kama hiari yatosha peke yake, mbona twasali tusiingizwe majaribuni? Amri yathibitisha hiari, na sala yathibitisha upungufu wake.

Lakini kule Hadrumetum akatokea mmoja mwenye akili kali. Alisema hivi: ikiwa siishiki amri kwa sababu sikupewa neema ya kuishika, mkuu wangu asinikemee, na aniombee tu. Kwangu mimi, swali hili lapita mengi ya wanazuoni, kwa maana laingia jikoni na shambani, mahali ambapo mtu humwambia mwenziwe, "Umekosa." Augustino alirudi tena kwenye kalamu. Akajibu kwamba kosa ni la mkosaji mwenyewe, na kwamba karipio la upendo laweza kuwa ndiyo njia ambayo neema hupitia kumfikia. Wala hapana mkuu ajuaye ni nani aliyechaguliwa na Mungu. Kwa hiyo hana budi kuwakaripia wote, na kuwaombea wote.

Sijui kama mtawa yule aliridhika. Huko Gaul watawa wengine hawakuridhika, nao waliendelea kubisha hata baada ya Augustino kufa, mwaka wa 430, mji wake ukiwa umezingirwa na Wavandali. Karibu miaka mia ilipita kabla ya baraza la Orange, mwaka wa 529, kuamua kwamba hata mwanzo wa imani ni neema, lakini likakataa katakata kwamba Mungu amewapangia watu kutenda maovu. Na mwaka wa 1524 Erasmus alipoandika kitabu cha kuitetea hiari, aliyemjibu mwaka uliofuata alikuwa Martin Luther, aliyepata kuwa mtawa wa shirika lenye jina la Augustino.