Kipumulio, si mzizi hewa

Vitabu vya biolojia vimetuletea tena "mizizi hewa", na safari hii istilahi hiyo imebandikwa kwenye picha ya mchu, mti wa mikokoni ambao vijiti vyake huchomoza topeni kama penseli. Kamati iliyoipitisha, kwa heshima zote, ingeshuka kwanza kwenye tope la Rufiji maji yakiwa yamekupwa, ndipo igonge mhuri.

Msomaji anajua vijiti hivyo ni vya nini. Tope la mikokoni halina oksijeni ya kutosha, basi mizizi itambaayo chini huvisukuma juu, navyo vina vitundu vidogo visivyoingiza maji. Maji yakijaa, oksijeni iliyomo ndani hutumika na shinikizo hushuka. Yakipwa, hewa mpya hufyonzwa. Hayo hutokea mara mbili kwa siku, na bado mtu anatosheka kutaja mahali kijiti kilipo huku kazi yake akiinyamazia! Mizizi hewa ya kweli iko kwenye okidi, inayoning'inia matawini na kunywa unyevu. Mwanafunzi aliyefundishwa jina moja kwa vyote viwili ataandika kwenye mtihani kwamba mchu hunywa maji ya hewani, na kosa halitakuwa lake.

Mimi nasema kipumulio. Istilahi ya kimataifa imejengwa juu ya neno la Kigiriki pneuma, yaani pumzi, upepo, hata roho. Kwa Waarabu pia roho na upepo, ruh na rih, vimetoka shina moja. Kwao ndiko tulikoitoa hewa, lakini hewa ni kile kinachovutwa. Tendo la kuvuta ni jambo jingine. Tendo hilo tunalo wenyewe: pumua, pumzi, pumu, pumzika. Asiyesikia pumzi ndani ya kupumzika hana la kufanya kwenye kamati ya istilahi, ila pengine kupumzika. Ichukue kauli ya kutendea, pumulia, tia ki- mwanzoni na -o mwishoni, kama kalia ilivyozaa kikalio na shikia ikazaa kishikio. Neno limekamilika bila kukopa wala kupinda kitu.

Mhariri mmoja wa kamusi, ambaye sitamtaja, ameniandikia kwamba kipumulio kitachanganywa na mashine ya hospitali. Mshipa umebeba damu, neva na hata ngiri miaka yote hii, na sijasikia daktari aliyepotea njia. Pendekezo lake yeye ni "nyumatofori". Anayeweza kulitamka mara tatu mfululizo bila kuumwa taya anijulishe.

Kuhusu matumizi, kwa ufupi: kipumulio, vipumulio, vya mchu ni vyembamba, vya mlilana ni vinene, mkoko wenyewe hauna, husimama juu ya mizizi mihimili. Vipumulio vikifunikwa na mafuta mazito au mchanga, mti hukosa hewa ukafa, hata majani yake yawe hayana kasoro yoyote. Katika sentensi hiyo jaribu kuweka mizizi hewa, uone kama msomaji ataelewa mti umekufa kwa nini.